Hesabu za Chuo Kikuu ni za Nini?



Hivi karibuni tulikuwa katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria. Tulikaa na wanakisomo chini ya mwembe. Baada ya darasa, mzee mmoja alitufuata. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Wanangu," alisema, "hebu nisomeeni hapa. Nimesoma mwenyewe, lakini nadhani nimekosea."

Hakuwa amekosea. Karatasi ilisema kwamba binti yake amechaguliwa kwenda chuo kikuu. Atasoma hisabati kwa miaka 3.

"Sasa nielezeni," mzee aliendelea. "Hesabu si alizimaliza shuleni? Hata mimi hapa kisomo kimenipa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Zimebaki hesabu zipi za miaka mitatu? Na akimaliza atakuwa nani? Daktari namjua. Bwana shamba namjua. Mtu wa hesabu simjui. Nina ng'ombe wanne. Niuze mmoja kwa jambo nisilolijua?"

Kuuliza si ujinga. Mzee wetu aliuliza swali ambalo wazazi wengi wanalo moyoni. Wengine hawaulizi. Wanakataa tu, na mtoto anabaki nyumbani. Kwa hiyo tuliketi tena chini ya mwembe, tukazungumza naye hadi jua likapoa. Haya ndiyo tuliyomweleza.

HESABU NA HISABATI

Hesabu tunazofanya kila siku hutupa jibu. Magunia 6 ya mpunga, kila gunia debe 6, ni debe 36. Basi, kazi imekwisha.

Hisabati huenda mbele zaidi. Inauliza: Kwa nini jibu ni hilo? Je, litakuwa hivyo siku zote? Tunajuaje?

Tuchukue kete za bao. Jaribu na wewe, ndugu msomaji. Kama huna kete, tumia punje za mahindi.

Weka kete 1 chini. Ongeza 3. Sasa unazo 4, na unaweza kuzipanga mraba: mistari 2, kila mstari kete 2. Ongeza 5. Unazo 9, yaani mistari 3 ya kete 3. Ongeza 7. Unazo 16, yaani mistari 4 ya kete 4. Kila mara tunaongeza namba witiri inayofuata, na kila mara tunapata mraba kamili.

Je, itaendelea hivyo? Mtu mmoja atasema: "Nimejaribu mara nne, imekubali. Yatosha." Mtu wa hisabati hatosheki. Huenda mara ya 100 ikakataa! Yeye anatafuta sababu.

Na sababu ni hii. Angalia mraba wako wa 4 kwa 4. Ukitaka kuufanya uwe wa 5 kwa 5, unaweka kete 4 ubavuni, kete 4 juu, na kete 1 kwenye pembe. Jumla ni 9. Ukitaka kwenda 6 kwa 6, unaweka 5 ubavuni, 5 juu na 1 pembeni. Jumla ni 11. Kila safari ubavu umeongezeka kete moja na upande wa juu umeongezeka kete moja. Kwa hiyo lazima uongeze kete 2 zaidi ya safari iliyopita. Haiwezi kukataa, hata ukienda mpaka milioni. Bao letu lina kete 64. Endelea mpaka uongeze 15, nazo zitakwisha zote katika mraba wa 8 kwa 8, bila kubaki hata moja.

Kazi hii inaitwa kuthibitisha. Ndiyo moyo wa hisabati. Mzee alizipanga kete zake mara mbili, akatikisa kichwa. "Kumbe miaka yote nacheza nazo tu," alisema.

WANASOMA NINI MIAKA HIYO 3?

Katika vyuo vikuu vyetu, kwa mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wa hisabati husoma mambo mengi. Tutaje machache.

Aljebra. Hapa wanatafuta namba isiyojulikana kwa kutumia zinazojulikana.

Kalkulasi. Hizi ni hesabu za vitu vinavyobadilika: maji yanayojaa bwawani, gari linaloongeza mwendo, ugonjwa unaoenea kijijini.

Takwimu. Hapa wanajifunza kukusanya habari, kuzipanga na kuzipima ili zisiwadanganye.

Uwezekano. Hizi ni hesabu za mambo yasiyo na hakika, kama mvua, ukame na ajali.

Tena wanajifunza kuiagiza kompyuta ifanye hesabu ndefu ambazo mtu angezifanya kwa miaka.

MBU NA HESABU

Mzee alisema: "Hayo ni ya vitabuni. Hapa kwetu yanasaidia nini?"

Basi tuzungumze juu ya malaria, maana hiyo haikai vitabuni.

Mwaka 1897, huko India, daktari mmoja Mwingereza aitwaye Ronald Ross aliwakuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Mwaka 1902 alipewa Tuzo ya Nobeli. Lakini watu walimwambia: "Mbu ni wengi mno. Huwezi kuwaua wote." Ross akashika kalamu akapiga hesabu. Hesabu zake zilionyesha kuwa si lazima kuwaua wote. Mbu wakipungua kiasi cha kutosha, malaria yenyewe itafifia.

Katika miaka ya 1950 Mwingereza mwingine, George Macdonald, aliendeleza hesabu hizo. Yeye aligundua jambo kubwa zaidi: umri wa mbu.

Sikilizeni vizuri. Mbu akimuuma mgonjwa leo, hawezi kumwambukiza mtu mwingine kesho. Vijidudu vinahitaji muda wa kukua ndani ya mbu, siku 10 hivi au zaidi. Mbu akifa kabla ya hapo, hana madhara. Mbu wa hatari ni mbu mzee.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue mbu 100. Tuseme kila siku, katika kila mbu 10, mmoja anakufa na 9 wanabaki. Kisha tuseme tumetumia vyandarua vyenye dawa, na sasa katika kila mbu 10 wanakufa wawili, wanabaki 8. Tazama:

Siku ya 1: bila chandarua 90; na chandarua 80.
Siku ya 2: bila chandarua 81, na chandarua 64.
Siku ya 4: bila chandarua 66, na chandarua 41.
Siku ya 6: bila chandarua 53, na chandarua 26.
Siku ya 8: bila chandarua 43, na chandarua 17.
Siku ya 10: bila chandarua 35, na chandarua 11.

Mmeona? Siku ya kwanza tofauti ilikuwa ndogo, mbu 10 tu. Siku ya 10 mbu wa hatari wamepungua kutoka 35 hadi 11. Hawafiki hata theluthi moja ya wale wa awali! Ndiyo maana chandarua chako chenye dawa kinamkinga hata jirani yako. Anayefulia samaki kwa chandarua, au kukifanya uzio wa bustani, anarefusha umri wa mbu wa kijiji kizima.

Hesabu hii imefanywa kwa kuzidisha tu. Lakini aliyefikiri kuifanya alihitaji elimu.

HABARI ZA MISUNGWI

Baada ya miaka mingi, mbu wengi walianza kuizoea dawa ya vyandarua. Wakawa sugu. Wataalamu wakatengeneza vyandarua vya aina mpya, vyenye dawa mbili. Je, ni bora kweli, au ni maneno ya muuzaji?

Mwaka 2019 jambo hili lilianza kupimwa katika Wilaya ya Misungwi, Mkoa wa Mwanza. Vijiji viligawanywa katika maeneo 84. Maeneo hayo yaliwekwa katika makundi 4. Kundi moja lilipata vyandarua vya zamani. Makundi mengine matatu, kila moja lilipata aina yake mpya. Na nani apate kipi? Haikuamuliwa na mkubwa yeyote. Ilipigwa kura ya bahati, ili asipendelewe mtu, na ili vijiji vyenye mbu wengi visirundikwe upande mmoja.

Baada ya miaka 2 watoto walipimwa damu. Katika kundi la vyandarua vya zamani, watoto kama 46 katika kila 100 walikuwa na vijidudu vya malaria. Katika kundi lililopata aina moja mpya, ile iliyoongezwa dawa iitwayo klofenapiri, walikuwa kama 26 katika kila 100. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022.

Nani aliyejua idadi ya maeneo inayotosha? Nani aliyejua kwamba tofauti ya 46 na 26 si bahati tu? Ni watu wa takwimu. Daktari alipima damu, lakini bila mtu wa hesabu asingejua damu hiyo inasema nini.

Hapo mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Kumbe na huyo naye ni daktari. Ila hashiki sindano."

Hatukuweza kusema vizuri zaidi ya hapo.

KAZI NYINGINE ZA MTU WA HISABATI

Ualimu. Hii ndiyo kazi inayojulikana zaidi. Kwa miaka mingi somo la Hisabati limewaangusha wanafunzi wengi wa kidato cha nne hapa Tanzania. Shule nyingi zinahitaji walimu wanaolijua somo na kulipenda. Lakini anayetaka kuwa mwalimu lazima asomee na ualimu wenyewe. Zipo shahada zinazounganisha sayansi na ualimu.

Sensa na mipango. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa Watanzania ni 44,928,923. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa ni 61,741,120. Katika miaka 10 tumeongezeka watu 16,812,197. Madarasa mangapi yatatakiwa? Visima vingapi? Chanjo ngapi? Hizo ni kazi za watakwimu. Dar es Salaam kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kinachofundisha kazi hiyo.

Bima. Tuseme wakulima 100 wameungana. Kwa kawaida, kila mwaka wakulima 5 hupoteza mazao, na kila mmoja anatakiwa kulipwa shilingi 400,000. Jumla ni shilingi 2,000,000. Kwa hiyo kila mwanachama achange shilingi 20,000. Rahisi, sivyo? Lakini ukija ukame, wakapoteza wakulima 20, zinatakiwa shilingi 8,000,000. Mfuko unakufa! Basi akiba iwe kiasi gani? Hapo ndipo anapotakiwa mtu aliyesoma uwezekano. Makampuni ya bima na mifuko ya pensheni huwaajiri watu hao.

Hali ya hewa. Utabiri wa mvua mnaousikia redioni hautoki hewani hivi hivi. Unatokana na hesabu za upepo, joto na unyevu, zinazofanywa na kompyuta kubwa.

Kutunza siri. Chukua namba 7 na 13. Hizi ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Zizidishe, upate 91. Ni rahisi. Sasa mtu akikupa 91 tu, akakuuliza imetoka wapi, utahangaika kidogo. Namba zikiwa na tarakimu mamia, hata kompyuta inashindwa. Mwaka 1977 wataalamu watatu waliokuwa Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, walitumia jambo hili kufunga ujumbe kwa siri. Hesabu za namna hii, pamoja na nyingine, ndizo zinazolinda habari na fedha zinazopita katika kompyuta na simu.

BINTI WA BUKOBA

Wengine bado wanasema: "Hesabu ni za wavulana." Tuwaambie habari za Profesa Verdiana Masanja. Alizaliwa Bukoba mwaka 1954. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaenda Berlin, Ujerumani. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya udaktari katika hisabati. Alichunguza hesabu za mwendo wa vitu vimiminika, kama maji. Amefundisha Dar es Salaam na pia Rwanda.

Huko Nigeria, Bibi Grace Alele-Williams alipata udaktari wa ufundishaji wa hisabati mwaka 1963. Mwaka 1985 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu nchini mwake.

Hao nao walikuwa mabinti wa watu. Kuna mzazi aliyewaruhusu.

TUSEME UKWELI WOTE

Hatutaki kumdanganya mzazi yeyote. Kusoma hisabati si sawa na kuahidiwa kazi. Wapo vijana waliomaliza chuo, wa hisabati na wa masomo mengine, ambao wamesubiri ajira muda mrefu. Mwenye hisabati tupu anaweza kupata taabu. Mwenye hisabati pamoja na takwimu, kompyuta, bima au ualimu ana milango mingi zaidi. Basi mwanao achague vizuri masomo ya kuambatanisha tangu mwaka wa kwanza.

Wengine huendelea mbele. Ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, iliyoanza huko Cape Town mwaka 2003. Mwaka 2016 ilifungua kituo Kigali, Rwanda. Vijana kutoka nchi nyingi za Afrika wamesoma huko shahada ya pili kwa ufadhili.

Halafu kuna fedha. Serikali ina Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mwanafunzi mwenyewe huomba kwa njia ya mtandao. Lakini mkopo ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara, yaani shilingi 15 katika kila shilingi 100. Akipata shilingi 700,000, atakatwa shilingi 105,000 kila mwezi mpaka deni liishe. Mjue hayo mapema.

MZAZI AFANYE NINI?

Kwanza, hakikisha chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mwombe mwalimu wa sekondari akusaidie kuangalia.

Pili, usimpe mtu yeyote fedha eti "akupitishie" mkopo au nafasi. Huyo ni tapeli.

Tatu, omba mkopo kwanza, ndipo ufikirie kuuza ng'ombe. Na hata ukipata mkopo, weka akiba ya nauli na ya miezi ya mwanzo, maana fedha huweza kuchelewa.

Nne, kwa walio na watoto wadogo: msiwatishe. Usiseme mbele ya mtoto, "Hesabu ni ngumu, hata mimi zilinishinda." Mpe akuhesabie chenji gulioni. Mpe apime shamba kwa hatua. Mwulize, "Umejuaje?" Swali hilo moja ni mwalimu mzuri. Anayetaka kusoma hisabati chuo kikuu kwa kawaida huifaulu kidato cha nne, kisha huisoma tena kidato cha tano na cha sita. Safari inaanzia nyumbani.

MZEE ALIAMUA NINI?

Jua lilipokaribia kuzama, binti mwenyewe alikuja na ndoo kichwani. Akapiga goti, akatuamkia. Baba yake akamwuliza: "Mama, hawa wanasema hesabu zinaua mbu. Ni kweli?"

Binti akacheka. "Haziui, baba. Zinatuonyesha wa kuua."

Mzee alikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni. "Haya," alisema. "Aombe mkopo kwanza. Fedha ikichelewa, nitauza yule dume mdogo. Wale majike watatu wabaki, watazaa." Kisha akaanza kupiga hesabu kwa vidole, ng'ombe watatu watakuwa wangapi baada ya miaka 3.

Tulimwacha akihesabu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ukiongeza kete 17 juu ya mraba wa kete 64, utapata mraba wa ngapi kwa ngapi? Eleza kwa nini.

2. Kama vyandarua vikisaidia hata katika kila mbu 10 wakafa 3 kwa siku, katika mbu 100 watabaki wangapi siku ya 3? Jaribuni kwa pamoja.

3. Katika kijiji chenu, vyandarua vinatumiwa kwa kazi gani? Nini kifanyike?

4. Je, kuna mtoto hapa kijijini anayependa hesabu lakini amekatishwa tamaa? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake?